Mwenzako wa Karata

Usimwambie Chela Ocaranza kwamba kazi yake ni kazi ya huruma. Atakutazama kama mtu aliyetukaniwa mama. Kazi yake, atakwambia, ni ubishi: anabishana na mapafu, anabishana na mashine, anabishana na madaktari, na zaidi ya wote anabishana na hofu. Katika miaka ishirini na miwili ya mabishano hayo ameshinda mara nyingi kuliko alivyoshindwa, na husema hivyo bila haya. Chela hajui unyenyekevu huliwa na mboga gani.

Ni mtaalamu wa tiba ya viungo, na huko Argentina watu hao ndio wanaoshika kazi ya kumtoa mgonjwa kwenye mashine ya kupumulia. Kituo chao kiko mjini Paraná, juu ya kilima kinachotazama mto. Wagonjwa huletwa pale kutoka hospitali kubwa, ugonjwa uliowalaza umekwisha kuondoka, lakini mashine imebaki nao. Wana tundu kooni, mrija ndani ya tundu, na mpira mrefu unaotoka kwenye mrija mpaka kwenye mashine inayowasukumia pumzi usiku na mchana. Mtu akikaa hivyo miezi miwili, misuli ya kifua hulegea kama mguu uliokaa ndani ya plasta. Hayo si makubwa, misuli hufundishika. Makubwa ni kwamba mtu huyo amekwisha kuonja kukosa hewa, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Don Eleuterio Barzola, ambaye hakuna aliyemwita jina hilo lote tangu siku ya ubatizo, aliletwa mwezi wa Aprili. Kwa wote alikuwa Don Lute: miaka sitini na minane, mfuga nyuki wa visiwani upande wa Victoria, mwenye mizinga sitini na mikono ambayo nyuki walikwisha choka kuiuma. Homa ya mapafu ilimwangusha mwishoni mwa kiangazi. Huko alikotibiwa walimwokoa, na shukrani ziwaendee, lakini mara mbili walimchomoa kwenye mashine akiwa usingizini, bila kumwambia, ili wamjaribu. Mara mbili aliamka hana hewa, na kwa kuwa mrija ulikuwa umemnyima sauti, hakuweza hata kupiga kelele. Tangu hapo Don Lute hakulala. Kufumba macho, ndiyo. Kulala, hapana. Alikuwa akiusikiliza mpigo wa mashine kama mlinzi anayesikiliza nyayo.

Kisiwani kwake hakuna nguzo ya umeme hata moja. Kuna taa za jua na redio ya betri, basi. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Akitoka kwenye mashine, anarudi kwa nyuki wake. Asipotoka, mfuko wa bima ulikwisha kusema: mwisho wa Juni anapelekwa Buenos Aires, kwenye nyumba ya wale wanaoishi na mashine mpaka siku zao ziishe. Chela aliwajua wagonjwa wanne waliopelekwa huko. Hakumjua hata mmoja aliyerudi.

Wiki ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Chela akinyoosha mkono kuelekea ule mpira, kabla hajaugusa, mapigo ya moyo wa mzee yalipanda mpaka kengele ikalia, jasho likamtoka, kisha akafumba macho na kuyabana. Asiseme ndiyo, asiseme hapana. Doña Delmira, mkewe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, alikaa pembeni akinyonya kibuyu chake cha matei, chai chungu ya kwao, na kutikisa kichwa.

"Ndivyo alivyo," akasema. "Hata siku ya harusi yetu alifumba macho hivyo hivyo."

Siku ya sita Chela alichoka. Akavuta kiti, akakaa, akaangalia yale macho yaliyofumbwa, na ghafla akacheka. Baba yake alikuwa muuza nyama, nyuma ya bucha kulikuwa na meza, na mezani palichezwa truko kila Jumapili. Katika truko wachezaji wanne hukaa wawili wawili, na mtu humwambia mwenzake karata alizonazo kwa kukonyeza na kupinda mdomo, upande wa pili wasione. Ukifumba macho unamwambia mwenzako: sina kitu.

"Don Lute," akasema, "yaani mimi nimetoka nyumbani na baridi yote hii, nakuja kuwa mwenzako, na wewe unaniambia mkononi huna kitu? Siku sita mfululizo? Basi niambie tu tukubali kufungwa, nikatafute mwingine!"

Jicho moja likafunguka. Likamtazama kwa muda. Kisha Don Lute akauma mdomo wa chini, taratibu.

"Ana karata ya namba tatu," Chela akamwambia Delmira. "Kumbe mzee ana karata na ananificha!"

Kesho yake karata zilikuwa juu ya meza ya kitanda, na maharage makavu ya kuhesabia pointi. Chela na Don Lute upande mmoja. Upande wa pili, Delmira na nesi aliyeitwa Rulo, kijana mwenye nywele kama sufi ya godoro, mwongo wa kuzaliwa, ambaye ukimuuliza leo siku gani ni heri ukaangalie kalenda. Sharti la Chela lilikuwa moja: mkono mmoja wa truko, mzee atacheza bila mashine. Mkono mmoja ni dakika mbili. Mashine inabaki pale pale ubavuni, inaonekana, na mpira unakaa mapajani mwake mwenyewe. Akiinua kidole, Chela anaurudisha. Hakuna kuuliza kwa nini.

Alicheza dakika mbili huku macho yamemtoka pima. Wakashinda. Siku iliyofuata mikono miwili. Chela alijifunza uso ule kama mtu anavyojifunza njia ya kwao: konyezo la jicho, ree ya pau; midomo iliyochongwa kama ya kubusu, mbili; na siku za neema, nyusi mbili juu kwa nukta moja tu, ree ya shupaza, karata inayozila zote. Rulo alilalamika kwamba huu ni wizi.

"Huyu mzee hana kazi nyingine ila uso!" akasema. "Mimi nina wagonjwa tisa!"

"Una wagonjwa tisa na akili ya mmoja," Delmira akamjibu. "Cheza."

Lakini ilipofika dakika kumi, Don Lute akagota. Saa ya ukutani ilikuwa mbele ya kitanda, na yeye hakutazama karata tena, alitazama mshale. Dakika ya nane, jasho. Dakika ya tisa, kengele. Dakika ya kumi, kidole juu. Siku tano, dakika kumi. Wala tisa, wala kumi na moja. Chela aliyaona mapafu yake kwenye vipimo na alijua yanaweza nusu saa bila shida. Kilichochoka si kifua. Na Mei ilikuwa inakatika.

Hapo ndipo Chela alipofanya kosa ambalo huwasimulia wanafunzi wake mpaka leo, akiwa amekunja uso. Watu wa kwao hulelewa kwenye truko, na katika truko uongo si dhambi, ni ustadi. Mtoto akidanganya vizuri babu hupiga meza kwa furaha. Chela akaona uongo mdogo wa kheri hautamuua mtu. Asubuhi moja akaishusha saa ukutani.

"Betri imekufa," akasema. "Nimempa fundi."

Mchana wakacheza. Mzee hakuwa na cha kutazama isipokuwa karata, na akacheza vizuri sana, mkono baada ya mkono. Saa ya Chela ilikuwa mfukoni mwa koti. Dakika kumi zikapita. Kumi na tano. Ishirini na tano. Akaona Don Lute anaanza kumtazama kwa maswali, akainama na kumwambia kwa sauti tamu, "Bado mapema, mzee wangu. Dakika nane tu."

Sasa, mtu aliyeishi kisiwani miaka sitini hahitaji fundi wa saa. Dirisha la chumba lilitazama mto, upande wa magharibi, na jua la mchana liliingia kama mkanda mwembamba sakafuni. Walipoanza, mkanda ulikuwa mguuni mwa kabati. Don Lute aligeuza kichwa akautazama. Ulikuwa umekwisha fika kwenye kiti cha mkewe. Akaurudisha uso, akamtazama Chela bila kupepesa. Kisha akainua nyusi, zote mbili, kwa nukta moja.

Ree ya shupaza! Chela hakusita. "Truko!" akapiga meza kuongeza pointi. Rulo, mwenye karata nzuri safari hii, akapandisha. Chela akapandisha juu yake, mpaka pointi za mwisho zinazoruhusiwa. "Weka, mwenzangu," akasema. "Wamalize."

Don Lute akaweka karata mezani. Nne ya kopa. Hakuna karata duni kuliko hiyo.

Rulo akasimama akicheza miguu. Delmira hakucheka. Alikuwa akiitazama midomo ya mumewe, iliyokuwa ikitembea bila sauti, kwa maana yeye ndiye aliyeijua kuisoma.

"Anasemaje?" Chela akauliza.

"Anasema unaweza kumdanganya aliye mbele yako," Delmira akasema. "Mwenzako humdanganyi."

Na kidole kikapanda juu. Chela akarudisha mpira kwenye mrija, na Don Lute akafumba macho. Njia ya mwongo ni fupi, ndiyo, lakini kurudi nyuma ni safari. Siku nne hakuyafumbua kwa ajili yake. Akija Rulo, anafumbua. Akija mfagiaji, anafumbua. Akisikia viatu vya Chela, sina kitu.

Chela aliumia, na kwa kuwa ni mtu wa hasira, kwanza aliumia kwa hasira. Alimwambia Rulo kwamba mzee ni mkaidi, kwamba dakika ishirini na saba ni dakika ishirini na saba hata kama zimepatikana kwa hila. Delmira alimkuta ngazini akiyasema hayo, akampa matei, akangoja ayanyonye mpaka mwisho.

"Binti yangu," akasema, "wale wa kwanza walimchomoa amelala. Wewe umemchomoa macho wazi. Kuna tofauti gani?"

Chela alirudisha kibuyu, akaenda stoo, akaitoa saa. Betri yake ilikuwa nzima, mshale unatembea. Akaingia nayo chumbani, akapanda kwenye kiti na kuitundika mahali pake. Kisha akavua saa yake ya mkononi, akamfunga Don Lute kwenye kile kifundo chembamba cha mkono.

"Betri haikufa," akasema. "Nilisema uongo. Ulikaa dakika ishirini na saba siku ile, na mimi nilikwambia nane. Nilikuchezea kama adui wa upande wa pili, na nilikuwa nimekaa upande wako. Naomba radhi, Don Lute. Kuanzia leo nitadanganya kwenye karata tu. Dakika utazihesabu wewe, na mimi nitaamini utakachoniambia."

Hajawahi kuomba radhi kwa maneno mengi hivyo, hata kwa aliyekuwa mumewe. Macho yakafunguka. Mzee aliitazama saa ya mkononi, akaitazama ya ukutani, akalinganisha, maana si mjinga. Kisha akanyoosha mkono, akazichukua karata na kuanza kuzichanganya.

Ajabu ni kwamba tangu alipokabidhiwa saa, hakuitazama sana. Dakika kumi zikapita asizione. Akafika nusu saa, akafika saa mbili nzima. Alipochoka alisema nimechoka, kwa kidole, na Chela hakubishana, yeye ambaye ubishi ndio mkate wake. Wiki ya pili ya Juni alikuwa anakaa bila mashine kutoka kifungua kinywa mpaka jua kuzama.

Ikabaki sauti. Kuna kofia ndogo inayovikwa kwenye mdomo wa mrija. Hewa inaingia kwa pale, lakini kutoka lazima ipite juu, kooni na mdomoni, na hapo ndipo sauti inaporudi. Don Lute aliiogopa. Kuzibiwa njia aliyoizoea, hata kwa ajili ya kusema, lilikuwa jambo lisilompendeza.

"Nakwambia kila kitu," Chela akasema. "Kwanza natoa upepo kwenye kile kipira cha ndani kinachoziba koo kando ya mrija, utakohoa. Halafu naweka kofia. Utavuta hewa kama kawaida, ukiitoa utahisi kifua kimejaa, kama umekula ukashiba mno. Si kwamba unakufa. Ni njia ngeni tu. Nahesabu mpaka tano, naitoa. Ukiinua kidole kwenye mbili, naitoa kwenye mbili."

Akakohoa kweli. Kofia ikawekwa. Chela akahesabu moja, mbili, tatu. Rulo alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya dawa. Don Lute akamtazama, kifua kikapanda, na kutoka chini kabisa ikaja sauti kavu, nzito, yenye kutu.

"Rulo," ikasema. "Mwizi wewe. Jumanne ulificha karata."

Sinia nusura ianguke. Delmira alikuwa analia na kufoka kwa pamoja. "Miezi mitatu!" akasema. "Miezi mitatu nasubiri neno moja, na neno lenyewe anapewa huyu!"

"Wewe," Don Lute akasema, "nitakuwa na wewe kisiwani. Huyu naweza nisimwone tena."

Chela alikuwa amesahau kuhesabu.

Alhamisi ya mwisho wa Juni Daktari Iturralde, mkuu wa kituo, alikuja na karatasi za Buenos Aires mkononi. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu wa utaratibu. Mgonjwa anayehitaji mashine usiku, alisema, kwa bima ni mgonjwa wa mashine, hata kama mchana anacheza dansi. Kesho saa nne asubuhi gari linakuja. Tangu augue, Don Lute hajawahi kulala bila mashine hata usiku mmoja.

"Basi alale leo," Chela akasema.

"Vipimo vinaruhusu," daktari akasema. "Lakini huyu mtu ana hofu, Chela. Usiku wa manane akiamka kwa hofu tunamrudisha, na kesho gari linamchukua. Una hakika naye?"

Siku za nyuma Chela angejibu mwenyewe, papo hapo. Safari hii aligeuka. Mzee alikuwa amekaa kitandani, kofia yake kooni, saa yake mkononi.

"Kuna hatua kumi na moja kutoka hapa mpaka nje ya mlango," Chela akamwambia. "Nimezihesabu. Mashine itakaa pale nje, imechomekwa kwenye umeme, iko tayari. Kofia tutaivua ulale, utabaki na mvuke wa kulainisha hewa kwenye mrija. Rulo atakaa kwenye kiti hiki, hatatoka. Hakuna atakayekugusa bila kukuamsha. Huo ndio ukweli wote, sina karata nyingine. Sasa niambie wewe. Unao upepo wa usiku mzima, au huna?"

Angeweza kujibu kwa sauti, sauti alikuwa nayo. Don Lute alimtazama daktari, akazitazama zile karatasi, akamtazama Chela. Akainua nyusi, zote mbili, kwa nukta moja.

Mara ya mwisho uso ule ulipompa ishara hiyo, chini yake kulikuwa na nne ya kopa.

"Anao," Chela akamwambia daktari. Akashika mashine kwa mikono yake mwenyewe na kuisukuma nje.

Asubuhi alifika kabla ya zamu yake, pikipiki akaiacha getini bila kuifunga. Ukumbi ulikuwa kimya, wagonjwa bado wamelala. Rulo alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, nywele zimemsimama, uso mrefu kama wa mtu wa matanga. Kisha Rulo, asiyejua kusema kweli hata kwa bahati mbaya, akaangalia huku na huku na kuinua nyusi zote mbili.

Chela hakumwamini. Akaipita mashine, ambayo mtu alikuwa ameifunika shuka, akahesabu hatua kumi na moja. Delmira aliweka kidole mdomoni kumwashiria anyamaze. Don Lute alikuwa chali, mkono wenye saa umeanguka nje ya blanketi, na macho yake yalikuwa yamefumbwa. Chela alisimama akayatazama, na ilimchukua muda kuelewa kwamba ile haikuwa ishara. Mzee alikuwa amelala, anakoroma kwenye mrija wake, na mkanda wa jua wa mchana ulikuwa bado mbali.